Maji ya Udhu

Bomba lilikatika Jumanne. Huku juu Mabatini
ziwa tunaliona lote mpaka upeo,
hatulinywi.

Ufunguo wa tangi la msikiti ninao mimi.
Hati ya wakfu imo kwenye fremu, ukutani, chini ya saa:
“Maji haya ni ya udhu tu. Salehe Kasongo.”
Hilo “tu” alilikoleza wino,
mtu aliyepandisha saruji kichwani, jabali kwa jabali,
miezi minne, kisha akafa.
Na kanuni naijua, nimeihifadhi kwa Maalim Idarusi:
sharti la mwenye wakfu ni kama nassi ya Mwenye sheria.

Jumatano usiku darsa lilikuwa la akili.
Je, akili yajua jema na baya kabla wahyi haujashuka?
Maalim akataja waliosema ndiyo,
akataja waliosema hapana, akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.
Tukaandika. Kalamu yangu ilikuwa inavuja.
Katikati ya hapana ya pili, geti likagongwa.

Nkwimba, wa nyumba iliyo chini ya jiwe lenye ufa,
ndoo mbili, kitenge cha kwaya:
“Mtoto anaharisha tangu asubuhi. Nimepewa pakiti za chumvi,
wameniambia nikoroge na maji. Maji yapi?”
Nyuma yake ndoo nyingine, na nyingine,
mpaka kona ya kinyozi.

Nilimtazama Maalim. Maalim alitazama kitabu.
Simlaumu, swali lilikuwa lake pia.
Ila mkono ulioshika ufunguo
hauwezi kusema “wanazuoni wamehitilafiana”
ukabaki hewani.

Nilifikiri hivi nikishuka ngazi nne,
muda wa ngazi nne tu nilikuwa nao:
udhu una badala. Aliyekosa maji
hupiga viganja kwenye vumbi safi, akapaka uso, akasali,
na ikaitwa tohara.
Kiu je? Nani kateremshiwa vumbi la kunywa?
Basi sheria yenyewe, kabla yangu, kabla ya Mzee Salehe,
ilikwisha kupanga nani angoje na nani asingoje.
Akili yangu haikutunga kitu,
ilipindua karatasi ikasoma upande wa pili.

Kufuli lilikuwa na kutu. Likafunguka.

Ningependa shairi liishie hapo.
Alhamisi nikamkuta Magesa kwenye kona ya kinyozi
akiuza maji yetu, ndoo shilingi mia tano,
nikawasikia wale wanaoogopa istihsani:
kila mwenye moyo laini akijitungia sheria
hati itafungiwa maandazi, na tangi litakuwa la mwenye mabavu.
Wana haki. Nikaleta daftari.
Nyumba moja, ndoo moja; penye mgonjwa, mbili.
Magesa akanitukana kwa Kijita, kisha akapanga foleni.

Binti wa Mzee Salehe alipiga simu kutoka Kigoma:
“Baba aliandika ‘tu’.”
“Ndiyo, Bi Mtumwa.” Sikuwa na zaidi.
Akanyamaza kitambo. “Huyo mtoto anaendeleaje?”
“Ameanza kukojoa.”
Simu ikakatika. Mpaka leo sijui
kama alinisamehe au salio liliisha.

Ijumaa alfajiri tangi lililia debe tupu.
Tukatoka safu nzima kusaka vumbi juu ya majabali,
Maalim akilichokonoa kwa kidole kwenye mfinyo wa jiwe,
maana jiwe tupu kwa madhehebu yetu halitoshi.
Mtu wa nyuma akauliza:
“Na lile ziwa, Maalim?”

Lilikuwa limeanza kung'aa kule chini.
Maalim akatazama mashariki, akatazama mteremko,
akawa anapima kwa macho,
viganja vimejaa vumbi.